Mwambie Shemeji Kisiwa Hakizungukwi kwa Siku Moja

Wadogo zangu, wiki hii barua za mawifi na za vikoba zimesubiri kidogo. Kuna mmoja wenu ameniandikia kwa furaha hadi herufi zinarukaruka: ndoa Desemba, fungate Jamaika, tiketi bado hawajakata. Shemeji yetu mtarajiwa ameshapanga kila kitu. Watashukia Montego Bay, watakodi gari, alfajiri wataanza kuufuata ufukwe kukizunguka kisiwa kizima, usiku wawe wamerudi hotelini kula. Swali la bibi harusi ni fupi: "Dada, itawezekana?"

Itawezekana, mdogo wangu. Hata kula pilau huku unaendesha inawezekana. Ila utamu wa pilau hutausikia, na shati utalipeleka kwa dobi.

Jamaika ina urefu wa kilomita 235 na upana wa kama 80 pale ilipotanuka. Shemeji ameitazama kwenye simu akaona kitu kidogo, akapiga hesabu ya Dar kwenda Morogoro na kurudi. Simu haikumwonyesha milima. Sehemu kubwa ya kisiwa ni vilima na mabonde, na mashariki milima ya Blue Mountains inapanda hadi mita 2,256 kisha inashuka kuelekea baharini bila kumwachia mtu uwanda wa kujidai. Pwani ya kaskazini, kutoka Montego Bay hadi Ocho Rios, lami ni pana na safari ni laini. Ukishapita Ocho Rios kwenda mashariki mambo yanabadilika: kona juu ya kona, nyumba zimesogelea barabara, na mbuzi wanatembea kama waliolipa kodi ya lami.

Tena kuna jambo ambalo wanaume wengi hawapendi kuambiwa. Dereva haoni bahari. Anayeona bahari ni aliyekaa pembeni, anayesema "tazama kule!" kila baada ya dakika, na mwenzake hawezi kutazama kwa sababu lori la saruji linakuja kwenye kona. Mchana kutwa wa namna hiyo, mmoja ana picha mia tatu, mwingine ana maumivu ya shingo, na fungate imepata ugomvi wake wa kwanza. Ushauri wangu wote umesimama hapo: pangeni safari kwa ajili ya yule aliyeshika usukani. Vipande vifupi, vituo vingi, na jua likielekea kuzama gari liwe limeegeshwa.

Kwa hiyo acheni duara. Chukueni kona moja ya kisiwa, nayo iwe ya mashariki, kutoka Kingston hadi Port Antonio. Mlale Port Antonio usiku tatu, mrudi Kingston kwa njia nyingine. Kilomita za kwenda ni mia na kitu tu, lakini zipeni siku nzima. Nimeendesha kule, na nawaambia hakuna saa mtakayosema "sasa tumefika pasipo kitu".

Magharibi nako kuzuri, sikatai. Lakini Oktoba 2025 kimbunga Melissa kilitua upande ule kikiwa cha daraja la 5, daraja la juu kabisa, na mji wa Black River uliumia vibaya. Kujenga upya si kazi ya msimu mmoja. Mkiutaka upande huo, pigeni simu hotelini kwenyewe, msitegemee picha za miaka ya nyuma. Na kwa jumla, msimu wa vimbunga huanza Juni 1 ukaisha Novemba 30, na miezi ya kuogopewa zaidi ni Agosti hadi Oktoba. Nyie wa Desemba mmeangukia pazuri. Mkisogeza hadi Januari au Februari mtapata ukavu zaidi, ila bei za vyumba nazo zinajua kwamba ni kiangazi.

Sasa gari. Habari njema ni kwamba Jamaika wanaendesha kushoto, usukani uko kulia, alama za mwendo ni za kilomita, mafuta yanauzwa kwa lita na kuna mtu wa kukujazia. Mtu wa Afrika Mashariki anakuwa nyumbani kuliko mtalii wa Marekani anayewasha wiper kila anapotaka kuonyesha indiketa. Magari yenyewe mengi ni mitumba ya Japani, ile ile tunayoijua. Probox imetawala barabara: inabeba abiria, inabeba ndizi, inakupita kwenye kona. Ukiona namba nyekundu za gari, hiyo ni ya abiria yenye leseni, na dereva wake ana haraka kama wa daladala anayekimbizana na hesabu ya tajiri. Muacheni apite. Sogea pembeni, punguza, mpe ishara. Atakupigia honi fupi ya shukrani, na hapo mtajua kwamba honi kule haina ugomvi. Watu wanapiga honi kusalimiana, kuaga, na zaidi ya yote kabla ya kona ambayo huoni mbele. Nanyi pigeni. Kona kipofu unayoiingia kimya ni hatari kuliko mwendo.

Kwenye miji na vijiji mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na nje ya hapo 80 isipokuwa bango liseme vingine. Hiyo 80 mtaipata kwa nadra sana kule mashariki.

Kodini otomatiki, hata kama shemeji anajisifu kwa gia. Milima na kona vitamtosha. Gari lisiwe kubwa, maana barabara za ndani ni nyembamba na ukingo wake mara nyingi ni ukuta wa mawe au mtaro wa zege. Lisiwe la chini sana pia, kuna mashimo. Mkikabidhiwa, mmoja wenu alizunguke na simu akirekodi video: kila mkwaruzo, kila rimu, kioo cha mbele, tairi la akiba, jeki ipo na spana ipo. Fungua buti mwenyewe uone. Usikubali kuambiwa "vipo chini huko". Kampuni nyingi zinazuia dhamana kwenye kadi ya krediti yenye jina la dereva, na kadi zetu za kawaida za benki zinaweza kukataliwa mezani, mizigo ikiwa imeshashuka. Ulizeni kwa barua pepe kabla ya kulipa chochote, na jibu mlihifadhi.

Halafu, bibi harusi, barua yako ina mistari arobaini na hakuna hata mmoja unaosema wewe utaendesha. Leseni si unayo? Basi jina lako liandikwe kwenye mkataba. Bima haimtambui dereva asiyeandikwa, na mwenzako akipatwa na tumbo la kuendesha hamtakuwa na wa kushika usukani. Gawaneni: yeye kabla ya chakula cha mchana, wewe baada ya hapo. Asiyeendesha ndiye anayesoma ramani, na anayesoma ramani haruhusiwi kusema neno lolote kuhusu breki. Sheria hii imeokoa ndoa nyingi. Chukueni pia kibali cha kimataifa cha udereva kutoka chama cha wenye magari cha nchi yenu. Hakina gharama ya kutisha, na polisi akiwasimamisha mazungumzo yanakuwa mafupi.

Tushuke uwanjani. Uwanja wa Norman Manley umekaa kwenye ulimi mrefu wa mchanga uitwao Palisadoes, bahari huku na bandari ya Kingston kule. Ukitoka unafuata barabara moja tu hadi mzunguko wa Harbour View. Kushoto ni mjini Kingston, kulia ni mashariki. Kinadharia mnaweza kushuka kwenye ndege na kukata kulia moja kwa moja. Msifanye hivyo. Jamaika iko nyuma yetu kwa saa nane. Mwili wenu utakuwa unadhani ni usiku wa manane. Laleni Kingston, mle, mwoge, gari mlichukue asubuhi.

Mkikata kulia asubuhi hiyo mtashangaa. Mmeahidiwa kisiwa cha kijani, halafu mnaona ukavu, vichaka vya miiba na mpungate. Sababu ni ile milima. Pepo za kaskazini mashariki zinakuja na mvua, zinagonga milima, mvua yote inamwagika upande wa pili, kwenye wilaya ya Portland, na huku nyuma ya mlima wanabakiwa na upepo mtupu. Yallahs kuna hata mabwawa ya chumvi kando ya bahari. Shikeni picha hiyo kichwani, kwa sababu saa chache baadaye mtakuwa upande wa pili wa mlima huo huo, migomba imezidi watu, na hamtaamini kwamba ni kisiwa kimoja. Barabara ya kipande hiki cha mwanzo imepanuliwa miaka ya karibuni na kampuni ya Kichina ya China Harbour, kwa hiyo mtaenda vizuri.

Juu ya Bull Bay, kilimani, kuna kambi ya Marasta wa Bobo Shanti, wale wenye vilemba. Wanapokea wageni, ila wana taratibu zao na si za kujadiliana. Mwanamke avae nguo ndefu, kichwa kifunikwe, na aliye katika siku zake haingii. Jumamosi ni sabato yao. Wewe una khanga, umeshamaliza kazi. Mkiona taratibu hizo hazikukai vizuri, piteni tu, msiende kubishana na watu kwao.

Kituo changu cha lazima ni Morant Bay. Si mji wa kupendeza, na watalii wengi hawashuki. Shukeni. Agosti 1865 mhubiri mmoja wa Kibaptisti, Paul Bogle, alitembea kwa miguu na wenzake kutoka kijiji cha Stony Gut hadi Spanish Town kumweleza gavana shida za watu wao: ardhi, njaa, mahakama zisizo na haki. Gavana Edward Eyre hakutaka kuwaona. Oktoba 11 mwaka huo Bogle aliongoza umati hadi mahakama ya Morant Bay, ikawa vita, jengo likachomwa. Serikali ilijibu kwa sheria ya kijeshi, watu zaidi ya 400 wakauawa, Bogle akanyongwa. Leo ni shujaa wa taifa. Sisi tuliokua na hadithi ya Maji Maji hatuhitaji mkalimani hapo. Dakika ishirini zinatosha, kisha chukueni pesa kwenye mashine, noti ndogondogo, na jazeni tangi, maana mbele vituo vinapungua.

Kutoka hapo mna hiari ya kuchepuka kwenda Bath, penye chemchemi ya maji ya moto yenye salfa. Kuna bustani ya mimea pia, imechoka, ya mwaka 1779. Chemchemini vijana watawavamia wakitaka kuwa viongozi wenu na kuwakanda kwa majani. Afikianeni bei kabla hamjavua viatu. Barabara ya Bath ni mbaya, na kama jana usiku mvua ilinyesha, mimi ningeiruka bila majuto.

Ila tukiwa karibu na bustani hiyo, niwasimulie habari ya shelisheli. Mtu wa Unguja akifika Jamaika anakuta mashelisheli kila ua, makubwa, na anafikiri yako pale tangu Adamu. La. Nahodha William Bligh aliyaleta mwaka 1793 kutoka Tahiti kwa meli ya Providence, kwa sababu wenye mashamba ya miwa walitaka chakula cha bei nafuu cha kuwalisha watumwa. Sehemu ya miche ilipandwa Bath. Yale matufaa mekundu ya umbo la peasi mnayoyajua Zanzibar nayo yalikuja kwenye safari hiyo hiyo; kule wanayaita Otaheite. Wajamaika hawalipiki sana shelisheli kwa nazi kama sisi wakati wa futari. Wanalitupa zima kwenye moto mpaka ganda linakuwa jeusi kabisa, kisha wanalimenya kwa kisu kirefu, na ndani linatoka jeupe, linafuka, lina harufu ya mkate na moshi. Mkiona mama ana jiko kando ya barabara, simameni. Lipakeni siagi. Mtanishukuru.

Baada ya hapo barabara inapinda kaskazini, ukijani unaanza, na kwenye vijiji vya Manchioneal na Long Bay bahari inakuwa jirani kabisa. Hapa ndipo shemeji atataka kusimama kila mahali. Asimame, lakini aingie kabisa nje ya lami, asiache nusu ya gari barabarani kwa ajili ya picha. Juu ya Manchioneal kuna maporomoko ya Reach, maji ya kijani yanashuka kwenye miamba, unaweza kuogelea kupanda juu ukiwa na kiongozi. Mwanzo wa wiki huwa hawafungui, kwa hiyo ulizeni mlipolala kabla ya kupanda kilima bure. Long Bay ufukwe ni mrefu na mzuri wa kutembea. Mawimbi yake yana mkono mzito, msiingie mbali.

Na sasa Boston, kijiji ambacho kila Mjamaika atakuambia ndicho chenye jerk ya kweli. Msishibe kabla ya hapa. Nyama inapakwa viungo vyenye thaimu, vitunguu vya majani, na pilipili yao ambayo ni ndugu wa damu wa pilipili mbuzi yetu. Kisha inalazwa juu ya vijiti vya mti wa pimento vilivyopangwa juu ya makaa, inafunikwa kwa bati, na inaachwa. Hakuna anayekimbizana nayo. Moshi wa vijiti hivyo ndio unaoifanya iwe jerk. Kuku aliyepakwa viungo akachomwa kwa gesi ni kuku wa viungo tu, hata bango liseme nini. Ikiiva inakatwakatwa kwa panga dogo juu ya gogo, tap tap tap, inapimwa kwa ratili, inafungwa kwenye karatasi. Unaagiza na festival, maandazi marefu ya unga wa mahindi yenye utamu kidogo, na mchuzi wa pilipili uwekwe pembeni mpaka uujue. Ustadi huu unatoka kwa Wamaroon, watu waliotoroka utumwa wakaishi milimani humo humo.

Waislamu wenzangu, tuelewane hapa. Nyama ya asili ya Boston ni nguruwe. Kuku yupo, lakini mara nyingi wanachomwa juu ya vijiti vile vile na kukatwa kwa panga lile lile. Msiulize tu "kuna kuku?" mkaridhika. Ulizeni anachomewa wapi. Pwani hii samaki ni wengi na wazuri, na kila penye bango la ital, chakula cha Marasta, hakuna nguruwe, na mara nyingi hakuna nyama kabisa. Asubuhi hotelini ombeni callaloo. Mtaletewa mchicha, na mtacheka. Ackee na samaki wa chumvi ndicho chakula cha taifa, kitamu, laini kama yai la kukoroga, lakini tunda lenyewe lina sumu likiwa halijafunguka lenyewe mtini. Liacheni kwa wanaojua kulipika, msilichume.

Kutoka Boston hadi Port Antonio ni mwendo mfupi, na karibu yote mazuri yamerundikana hapo. Ndiyo maana nasema usiku tatu. Frenchman's Cove mnalipa kiingilio: ni kaghuba kadogo, mto wa baridi unaingia kwenye bahari ya vuguvugu, unasimama katikati mguu mmoja unatetemeka na mwingine unastarehe. Blue Lagoon ni dimbwi la kina cha zaidi ya mita 50, chemchemi za maji baridi zinatoka chini, rangi inabadilika na jua. Pale wenye boti watawakimbilia hata kabla hamjazima injini. Wasalimieni, kataeni kwa tabasamu au patanani, yote yanaruhusiwa.

Ufukwe ninaoupenda mimi ni Winnifred, pale Fairy Hill. Jamaika si kila ufukwe ni wa umma. Sheria ya mwaka 1956 haiwapi wananchi haki ya jumla ya kuingia baharini popote wanapotaka, na hoteli zimezungushia ukuta fukwe nyingi. Watu wa Fairy Hill walipoona wao nao wanaelekea kufungiwa, walikwenda mahakamani, na mwaka 2014 mahakama ikawapa haki yao. Hakuna tiketi. Kuna watu langoni wanaomba mchango wa kutunza mahali, toeni. Jumapili ndiyo siku yenyewe: bibi na wajukuu, sufuria zimetoka nyumbani, vijana na mpira, muziki. Nendeni siku hiyo mkae na watu.

Kila mahali, salamu kwanza. Ukiingia dukani ukaanza na "nataka maji" utahudumiwa kama ulivyoingia. Ukianza na habari za asubuhi, uso unafunguka. Hili halina haja ya kufundishwa mtu aliyelelewa kwetu, lakini nimeona tukifika nje tunalisahau.

Siku moja ya hizo msiendeshe sana, na siku hiyo iwe ya mto Rio Grande. Mnapanda chelezo cha mianzi, kirefu, chembamba, chenye kiti cha watu wawili nyuma na nahodha amesimama mbele na upondo wake. Mnateremka kwa muda wa saa mbili na nusu hadi tatu, kutoka bondeni hadi karibu na bahari pale St. Margaret's Bay. Zamani vyelezo hivi vilibeba ndizi. Port Antonio ilikuwa mji wa ndizi: Mmarekani Lorenzo Dow Baker alianza kuzisafirisha kutoka kisiwa hiki miaka ya 1870, na biashara ile ikaja kuzaa kampuni ya United Fruit mwaka 1899. Mcheza sinema Errol Flynn alihamia miaka ya 1940, ndiye aliyeufanya huu mto kuwa starehe ya wageni. Ulizeni mnapokata tiketi kuhusu dereva wa kulihamishia gari lenu mwisho wa mto, huduma hiyo ipo. Hakikisheni bima inamhusu. Hapo ndipo shemeji, kwa mara ya kwanza, atatazama pembeni bila kuogopa lori.

Mkiwa na muda, juu ya bonde hilo kuna Moore Town, mji wa Wamaroon, watu wa Nanny, mama aliyepigana na Waingereza msituni mpaka wakakubali mkataba. Ni shujaa wa taifa, mwanamke pekee kati ya saba. Kaburi lake liko pale. Uliza ruhusa kwa wenyeji kwanza, si mahali pa kuingia na kamera mbele.

Kurudi Kingston msirudi mlikotoka. Endeleeni magharibi: Hope Bay, Buff Bay, mpaka Annotto Bay, kisha mnaiacha bahari na kupanda na bonde la mto Wag Water, njia wanayoiita Junction. Ni nzuri na ni ya kona tupu. Ondokeni saa 2 asubuhi, mwe mmevuka kabla ya mvua za alasiri, maana udongo huporomoka. Bustani ya Castleton, ya mwaka 1862, iko njiani kando ya mto. Choo, kivuli, miguu inanyooka. Kuna njia nyingine ya mkato kutoka Buff Bay ikipitia Blue Mountains, na simu yenu itaishangilia kwa sababu ni fupi. Msiifuate. Hiyo ni ya wenyeji wenye gari la juu na habari za jana.

Kuhusu giza sina mjadala. Desemba jua linazama kama saa 11:30 jioni, na hakuna taa barabarani, kuna watembea kwa miguu, kuna baiskeli, na wapo wanaowasha taa kali wakasahau kuzipunguza. Saa 10 jioni muwe mnajua mnalala wapi.

Yaliyobaki ni ya mkobani. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa mnatoka ukanda wetu wataiomba. Viza ya kupitia: safari nyingi zinapita London, Toronto au viwanja vya Marekani, na huko wana masharti yao hata kama hutoki nje ya uwanja, kwa hiyo tiketi isikatwe kabla ya kulijua hilo. Ramani ipakueni kwenye simu mapema, milimani mtandao unakatika. Bangi, msidanganywe na nyimbo: tangu 2015 kukutwa na kiasi kidogo kunaishia kwa faini, lakini uwanja wa ndege ni habari nyingine, na dereva wenu ana kona za kuhesabu. Na shemeji kama ana ile suruali ya mabaka ya kijeshi anayoipenda, ibaki Dar. Jamaika raia haruhusiwi kuivaa, watamvua hapo hapo uwanjani, na sidhani kama ndivyo ulivyotaka fungate ianze.